Kalsiamu Pekee Haimalizi Floraidi

Maji ya visima virefu yanayouzwa kwa mitungi Riruta, Nairobi, hutoka katika miamba ya volkano, na miamba hiyo huyatia floraidi. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nairobi hukipita, na watoto huota meno yenye madoa ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

Mwanafunzi wa sekondari atakutajia dawa papo hapo. Tia kloraidi ya kalsiamu, chumvi zibadilishane wenza:

CaCl₂ + 2NaF → CaF₂ + 2NaCl

Floraidi ya kalsiamu itue chini kama mashapo meupe, chumvi ya mezani ibaki majini. Mlinganyo umesawazika, alama zote ni zake.

Lakini mtihani hauulizi kilichobaki majini ni kiasi gani. Lita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 16 za floraidi ya kalsiamu, na karibu nusu ya uzito huo, kama miligramu 8, ni floraidi: mara tano ya kiwango. Kisima chenye miligramu 4 hakitatoa hata chembe ya mashapo ukikipimia kalsiamu kwa uwiano wa mlinganyo. Zidisha kalsiamu basi? Nimepiga hesabu: kufika 1.5 kunataka zaidi ya miligramu 200 za kalsiamu zibaki katika kila lita. Tena maji haya yana bikaboneti tele, ambayo huigeuza kalsiamu kuwa magamba yale yale ya birika kabla floraidi haijapata kitu.

Ngurdoto, karibu na Arusha, miaka ya 1990, mtafiti Eli Dahi na wenzake hawakuacha njia ya mashapo. Waliongeza mwenza wa tatu. Kalsiamu, fosfeti na floraidi zikiungana hutoa floroapatiti, isiyoyeyuka kwa urahisi kama floraidi ya kalsiamu. Shida yake ni uvivu: majini matupu hujiunda polepole mno. Ndipo wakayapitisha maji kwenye tabaka la mifupa iliyochomwa, ambayo yenyewe ni fosfeti ya kalsiamu, na fuwele mpya zikapata pa kushika. Huu ndio ujanja ninaousifu zaidi. Nakuru, Dayosisi ya Katoliki ilitengeneza machujio ya mkaa wa mifupa, baadaye ikachanganya humo punje za kalsiamu na fosfeti.

Mifupa isipochomwa vizuri, maji hunuka, na mnunuzi atajua mara moja. Chujio likichoka, hatajua: ladha haibadiliki wala rangi, hadi maji yapimwe.