Kiungo Kwanza, Nakshi Baadaye

Wapiga picha wanaopita Mji Mkongwe wa Zanzibar husimama mbele ya milango kwa ajili ya nakshi na njumu za shaba. Seremala akisimama mbele ya mlango uleule hutazama kwingine. Huinama kwenye kizingiti, huangalia mwimo unapoingia, hupapasa mgongo wa ubao. Huko ndiko kazi ilikofanyika. Nakshi zikiondolewa zote mlango bado utasimama. Kiungo kikiondolewa, hakuna mlango.

Nalisisitiza hili kwa sababu nyumba mpya nyingi za pwani zimechukua sura ya mlango huo na kuuacha mwili wake. Mwenye nyumba analipa fedha nyingi kwa mayungiyungi na minyororo ya kuchongwa, kisha ubao unaobeba nakshi hizo unabanwa kwa skurubu na gundi kwenye fremu ya mti mbichi. Ikipita misimu michache ya mvua, mlango unasugua sakafu, kitasa hakikutani na tundu lake, na ufa unapita katikati ya ua. Watu hulaumu mbao, lakini mara nyingi kosa liko kwenye uungaji.

Tuufungue mlango wenyewe wa Mji Mkongwe. Fremu ina vipande vinne vikubwa: miimo miwili ya kando, kizingiti cha juu na kizingiti cha chini. Kila ncha ya mwimo huchongwa ulimi, nao ulimi huingia katika tundu lililochimbwa kwa patasi kwenye kizingiti. Kisha hupigwa pini ya mti mgumu inayopenya tundu na ulimi kwa pamoja. Kinachoshika fremu ni mabega ya ulimi, yaani zile kingo mbili zinazokaa bapa juu ya uso wa kizingiti na kuizuia isilale upande. Pini inazuia ulimi usichomoke, basi. Ndiyo sababu fremu ya aina hii inaweza kugongwa pini, ikafumuliwa kipande kwa kipande na kusimamishwa katika nyumba nyingine. Na kizingiti cha chini, ambacho ndicho huoza kwanza kwa kunyeshewa na kukanyagwa, kinaweza kubadilishwa peke yake bila kuitupa miimo.

Mabawa ya mlango huo hayana bawaba. Kila bawa lina ncha mbili za mviringo, moja juu na moja chini, zinazozunguka ndani ya vishimo vya vizingiti. Uzito wote unashuka kwenye kizingiti cha chini na kupokelewa na ukuta. Bawa zito likiwekwa kwenye bawaba, uzito wake unaivuta bawaba ya juu itoke kwenye mwimo usiku na mchana, na mwimo ukiwa wa mti laini skurubu hulegea moja baada ya nyingine.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni mfaa, ule mhimili wa wima unaosimama katikati, mabawa mawili yanapokutana. Kwa kuwa huchongwa sana, wengi huuhesabu kuwa pambo. Kuuelewa kunahitaji kujua tabia ya mti. Urefu wa ubao haubadiliki kwa kiasi cha kutajika, lakini upana wake hufuata unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida pwani wakati wa masika, mbao hutulia zikiwa na maji yanayokaribia asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Unyevu ukishuka hadi asilimia 50, mbao hutulia karibu na asilimia 9. Kwa bawa la mvule lenye upana wa sentimita 80, tofauti hiyo ni milimita 5 hadi 7. Hakuna gundi wala skurubu inayoweza kuuzuia mwendo huo. Ukizuiwa upande mmoja, ubao hupasuka upande mwingine.

Mfaa umefungwa kwenye bawa moja tu na unalala juu ya ukingo wa bawa la pili. Kiangazi mabawa yakisinyaa, mwanya unapanuka nyuma yake, na aliye nje haoni kitu. Masika yakirudi, mabawa yanafura bila kugombana. Kuugawa mlango mabawa mawili nako kunagawa mwendo huo nusu kwa nusu. Mafundi wale hawakushindana na mti. Waliutengea nafasi ya kupumua, kisha wakaifunika nafasi hiyo kwa kipande kizuri kuliko vyote. Milango ya mtindo wa Kigujarati ililikabili jambo lilelile kwa njia nyingine: uso mpana uligawanywa miraba midogo, na ubao mdogo mwendo wake ni mdogo.

Akili hiyohiyo iko kwenye kitanda cha kamba, ambacho tunakidharau bure. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni. Ndimi za mifumbati na vitakizo huingia katika matundu ya matendegu, tena pasipo gundi. Kamba ikisukwa na kukazwa, inaivuta mifumbati miwili ielekeane. Vitakizo vinabanwa katikati, na kila ulimi wake unasukumwa ndani zaidi ya tundu. Mtu akilala, uzito wake unaongeza mvuto huo. Kitanda cha skurubu hulegea kwa kutumiwa, hiki hujikaza.

Sidai kwamba nyumba ya ghorofa ya Dar es Salaam au Mombasa iwekewe mabawa ya kuzunguka kwenye vishimo. Mlango wa chumba wa kawaida utatosheka na bawaba tatu za chuma kisichoshika kutu. Tundu likichimbwa kwa mashine ni tundu vilevile, mradi ulimi ukae. Lakini kuna jambo moja la leo linaloufanya ufundi wa zamani uhitajike zaidi: kiyoyozi. Mlango wa chumba chenye kiyoyozi una uso mmoja kwenye hewa kavu na mgongo kwenye ukumbi wenye unyevu wa bahari. Ubao mmoja mpana ulioshikwa pande zote utapinda. Fremu iliyoungwa kwa ulimi, ikiwa na paneli inayocheza ndani ya mfuo, itavumilia.

Kwa hiyo unapoagiza mlango, iwe kwenye karakana za Keko, za Gikomba au kwa fundi wa mtaani, anza na maswali haya kabla ya kuchagua ua. Mbao zimekaushwa kivulini kwa muda gani, na zilipangwa kwa vipande vya kupitisha hewa katikati? Mninga una sifa nzuri ya kutosinyaa sana, lakini mninga mbichi nao ni mti mbichi. Ulimi una unene gani? Theluthi moja ya unene wa mti ni kipimo cha kuaminika. Omba kuiona fremu ikiwa imeunganishwa kavu, kabla ya gundi. Inyanyue kwa mwimo mmoja; ikishikamana, mabega yake yamekaa. Pima kwa utepe toka pembe hadi pembe ya mkabala, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu ina pembemraba. Karibu na bahari usikubali msumari wa chuma cha kawaida, kwani chuma chenye unyevu hukutana na tanini ya mti na kuacha madoa meusi yasiyofutika.

Bajeti ikibana, punguza nakshi. Ua linaweza kuchongwa hata mwakani, mlango ukiwa umeshafungwa. Ulimi hauongezwi baadaye.

Kisha mlinde fundi wako dhidi ya mpaka rangi. Paneli ipakwe rangi au vanishi kabla ya kuingizwa kwenye fremu, ili ikisinyaa usionekane mstari wa mbao tupu ukingoni. Na mpaka rangi akija na kopo lake la pati, mwambie asizibe mfuo. Ule mwanya mwembamba kati ya paneli na fremu umeachwa kwa makusudi.