Land Rover ya Zamani, Mlima Magara na Kazi Zilizojificha

Mwenye Land Rover 109 ya miaka ya 1970, awe Mbulu, Dongobesh au Katesh, akifika gereji na hela mkononi huomba mambo mawili: gari liache kumrusha, na injini iache kunywa mafuta na kuzimazima mlimani. Majibu ya siku hizi yanajulikana: toa springi za bamba, weka koili, toa kabureta, weka injini ya nozeli na kontroli boksi. Fundi mzuri anaweza kuyafanya yote mawili, na magari yaliyofanyiwa hivyo yapo barabarani. Lakini mengine hurudi gereji mapema yakiwa na ugonjwa mpya, kwa sababu kifaa cha zamani kilikuwa kinafanya kazi nyingi kimyakimya. Ukikitoa, kazi zote hizo zinabaki bila mwenyewe. Kiwe springi au kabureta, uchambuzi huu unauliza kilikuwa kinafanya nini zaidi ya kile tulichokuwa tunakiona.

Tuanze chini ya gari. Kazi ya springi za bamba inayoonekana ni kubeba mzigo. Magunia ya vitunguu saumu ya Bashay yakipakiwa, mabamba yanalala, yakishushwa, yanainuka. Ila bamba hilohilo ndilo linaloshika ekseli isiende mbele wala nyuma, na kwa kiasi kikubwa ndilo linaloizuia isihame kwenda kushoto au kulia. Dereva akikanyaga breki au mafuta, ekseli hutaka kujizungusha; springi ndiyo inayoizuia. Na mabamba yanaposuguana, msuguano huo hupunguza mtikisiko na kuisaidia shokapu.

Ushahidi uko kwenye boliti ya katikati, ile inayofunga mabamba pamoja na kukaa kwenye tundu la ekseli. Fundi akiingia chini ya 109 iliyopiga makorongo ya Haydom kwa miaka, huanza kuisafisha tope sehemu hiyo na kuangalia kama U-bolti zimelegea. Boliti ikikatika, springi bado inabeba mzigo kama kawaida, lakini ekseli inasogea upande mmoja na gari linatembea upandeupande kama kaa. Uzito haukuwa tatizo. Kilichopotea ni ule mshiko.

Koili haina mshiko huo. Inabeba tu. Ukiikata ekseli kutoka kwenye springi za bamba na kuiegemeza juu ya koili bila kitu kingine, umeiacha ikining'inia. Kiwanda cha Land Rover kilikutana na hesabu hiyohiyo. Series III, toleo la 109 za miaka hiyo, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ilibaki na springi za bamba, ingawa Range Rover ya kampuni hiyohiyo ilikuwa na koili tangu 1970. Mwaka 1983 ilipotoka One Ten (110), mabadiliko hayakuishia kwenye koili. Mbele iliwekwa mikono miwili mirefu inayoishika ekseli isiende mbele wala nyuma, pamoja na fimbo ya kukingama inayoizuia kuhama pembeni. Nyuma iliwekwa mikono miwili ya chini na mkono wa umbo la herufi A juu ya difu. Chesisi nayo ilitengenezwa upya ili ipokee viungo hivyo. Kwa macho ya mpita njia, 109 na 110 ni ndugu wa tumbo moja. Chini yake ni magari mawili tofauti.

Ndiyo maana njia ya kuaminika ya kuipa 109 koili ni kuchukua chesisi nzima ya gari la koili, pamoja na ekseli na mikono yake, kisha kuihamishia bodi la zamani. Kuchomelea vikombe vya koili kwenye chesisi ya zamani kunaokoa pesa, lakini kunamtaka fundi apige mwenyewe hesabu za pembe za mikono, urefu wa propela na mwendo wa fimbo za usukani. Akikosea kidogo, usukani hujivuta wenyewe kila gurudumu linapopanda jiwe. Kwenye tambarare hilo ni kero. Kwenye kona za Mlima Magara, bonde likiwa upande mmoja, ni hatari.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi huiruka: springi za bamba za kisasa, zenye mabamba machache yaliyo manene katikati na membamba mwishoni, yasiyogusana urefu wote. Zinafungwa kwenye matundu yaleyale, zinashika ekseli kama za zamani na zinalainisha mwendo. Ila msuguano umepungua, kwa hiyo kazi ya kutuliza mtikisiko imehamia kwenye shokapu. Anayenunua springi hizo akabaki na shokapu zilizochoka atalaumu springi bure.

Sasa tupande kwenye injini. Kutoka sakafu ya Bonde la Ufa karibu na Ziwa Manyara, kwenye kimo cha meta 960 hivi, barabara ya Magara inakupandisha hadi nyanda za Mbulu, zaidi ya meta 1,700. Kwa kila meta 1,000 unazopanda, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10. Kabureta yenye tundu la kudumu haitambui mabadiliko hayo sawasawa. Hewa imepungua, lakini petroli haipungui kwa kiwango kilekile. Iliyosetiwa vizuri Dar es Salaam itakuwa inamwaga mafuta kama asilimia 8 au 9 zaidi ya inavyotakiwa ikifika Mbulu. Matokeo yake ni plagi nyeusi, moshi, na safari ya mara kwa mara kwenda kituo cha mafuta.

Mfumo wa nozeli unalitatua hilo kwa sababu una sensa inayopima mgandamizo au kiasi cha hewa, na nyingine kwenye ekzosi inayoonja oksijeni iliyobaki. Kontroli boksi inaongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Tuseme ukweli hapa: nozeli hairudishi hewa iliyopotea. Injini ya petroli ya 2.25, yenye nguvu za farasi sabini na kitu usawa wa bahari, ikifika Mbulu imepoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake hata mchanganyiko ukiwa sahihi kabisa. Utapunguza mafuta na injini itawaka vizuri asubuhi ya baridi. Nguvu ya ziada haitatoka hapo.

Je, kabureta nayo ilikuwa na kazi gani iliyojificha? Ni bakuli. Lile bakuli dogo lenye boya ni ghala. Tenki likiwa na mafuta kidogo na gari likiwa limesimama kwa mkia kwenye mteremko, pampu ikivuta hewa kwa sekunde chache injini huendelea kunywa kilichomo bakulini. Mfumo wa nozeli hauna ghala hilo. Pampu ikivuta hewa mara moja tu, mgandamizo unashuka na injini inakatika palepale kwenye kona. Dawa yake ni kufunga tenki dogo la akiba kati ya tenki kubwa na pampu ya nozeli, na kuweka mpira wa kurudishia mafuta.

Mipira yenyewe ni suala la usalama. Pampu ya kabureta husukuma kwa mgandamizo wa baa 0.2 hadi 0.35, ya nozeli nyingi za petroli hufika baa 3, yaani mara kumi. Mpira wa zamani na klipu ya kukaza kwa bisibisi vitavumilia wiki kadhaa, kisha petroli itarushwa juu ya ekzosi ya moto. Anza na mipira na viungio vya mgandamizo mkubwa kabla hujafikiria kontroli boksi. Halafu hakikisha oltaneta inachaji sawasawa na waya wa ethi kutoka injini hadi chesisi ni mnene na safi, kwa kuwa sensa hudanganywa na umeme unaoyumba. Kontroli boksi ikae juu, ndani ya kabini, mbali na maji ya mito ya masika.

Wapo wanaosema teknolojia hii haijazoea barabara zetu. Historia inawakatalia. Miaka ya 1960, mashindano ya magari ya Safari yalipokuwa yakipita nchi zote tatu za Afrika Mashariki, na njia yake kushuka hadi upande huu wa Mbulu, Bert Shankland, dereva wa Tanzania, pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell, walishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Gari hilo lilikuwa na koili mbele na nyuma, na injini yake ya 1,618 cc ilikuwa na pampu ya nozeli ya Kugelfischer, iliyoendeshwa na injini yenyewe bila kompyuta yoyote. Tope halikuishinda, kwa sababu mfumo wote ulibuniwa pamoja tangu kiwandani.

Funzo hilo linaeleza kwa nini mafundi wengi huona ni heri kuhamisha injini nzima kuliko kuipachika ya zamani nozeli. Injini ya dizeli ya Land Rover ya 200Tdi, iliyotoka 1989, ina asili moja na injini ya 2.25, kwa hiyo inakubali giaboksi ya Series bila marekebisho makubwa. Pampu yake ni ya kimitambo, na turbo yake hufidia sehemu kubwa ya hewa inayokosekana mlimani. Kwa Mbulu, hapo umepunguza mafuta na kupata nguvu ya mlimani bila kontroli boksi. Bei yake unailipa mbele ya safari: nguvu zikiongezeka, giaboksi na shafti za ekseli hupata mzigo ambao hazikuujua, na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, zilizotosha kwa mwendo wa zamani, hazitoshi tena kushusha Magara na abiria. One Ten ilipewa diski mbele, na haikuwa kwa urembo.

Kwa gari la kubeba mizigo na watu kati ya Mbulu, Haydom na Basotu, hukumu yangu ni hii. Breki kwanza. Springi za bamba za kisasa na shokapu mpya pili, na nyuma usiziondoe bamba. Toyota yenyewe ilipozipa Land Cruiser 78 na 79 koili za mbele mwaka 1999, nyuma iliacha bamba kwa ajili ya mzigo. Injini iwe ya tatu, na iwe Tdi. Koili pande zote pamoja na petroli ya nozeli viachwe kwa gari la familia au la watalii, lenye chesisi kamili ya koili na fundi wa umeme aliye karibu. Na kabla hujalipa chochote, muulize fundi wako swali moja: ukikitoa hiki, kazi zake zote atafanya nani? Akitaja moja tu, tafuta fundi mwingine.