Seva Nne, Mwongo Mmoja

Kompyuta kadhaa zikifanya kazi pamoja na moja ikazimika, zilizobaki zinajua la kufanya: zinaendelea bila hiyo. Taabu kubwa inakuja pale moja inapobaki hewani huku inadanganya. Inamjibu huyu hivi na yule vile, inadai imehifadhi faili ambalo haikulihifadhi, ama kwa kuwa programu yake ina kasoro, ama kwa kuwa mdukuzi ameiteka. Mwaka 1999 Barbara Liskov na mwanafunzi wake wa uzamivu, Miguel Castro, wote wa chuo cha MIT nchini Marekani, walionyesha jinsi ya kujenga huduma sahihi juu ya seva ambazo baadhi yake ni waongo, na ikaenda kwa kasi inayofaa kwa matumizi ya kila siku. Itifaki yao inaitwa PBFT. Siku hizi inatajwa sana na watu wa blokucheini, lakini ni wachache wanaoifungua waone inavyofanya kazi, na uzuri wake wote umo humo ndani.

Tuanze na hesabu. Tuseme tunataka kuvumilia seva moja mbovu. Seva ikikaa kimya, huwezi kujua kama imekufa au ujumbe wake umekwama njiani, kwa hiyo huwezi kuzisubiri zote. Ukiwa na nne, lazima uendelee ukishapata majibu matatu. Katika hayo matatu moja laweza kuwa la uongo, na ile uliyoiacha ikawa seva nzuri iliyocheleweshwa na mtandao. Hata hivyo yanabaki mawili ya kweli dhidi ya moja. Jaribu na seva tatu: utalazimika kuendelea na majibu mawili, moja la kweli na moja la uongo, na huna cha kuyapambanulia. Ndiyo maana zinahitajika seva mara tatu ya idadi ya waongo, jumlisha moja.

Mteja anapeleka ombi kwa seva kiongozi. Kiongozi analipa ombi namba ya foleni na kuzitangazia nyingine. Hiyo ndiyo duru ya kwanza. Lakini vipi kama mwongo ni kiongozi mwenyewe, akaipa seva moja ombi hili kwa namba 7 na nyingine ombi lile kwa namba 7 hiyohiyo? Duru ya pili inaziba mwanya huo: kila seva inazitangazia nyingine zote ilichopokea, na inasubiri mpaka tatu, yenyewe ikiwemo, ziwe zimesema jambo moja. Makundi mawili yoyote ya seva tatu kati ya nne yana angalau seva mbili za pamoja, na angalau moja ya hizo ni ya kweli. Ya kweli haikubali maombi mawili kwa namba moja, basi hila ya kiongozi haipati kura za kutosha.

Wasomaji wengi hukwama kwenye duru ya tatu, wakiuliza ni ya nini ilhali makubaliano yamekwisha kupatikana. Chukua seva iliyokusanya ushahidi wake ikiwa peke yake, ikatekeleza ombi papo hapo, na mara kiongozi akaondolewa kwa kushukiwa. Kiongozi mpya anakusanya taarifa kutoka seva tatu, na ile yenye ushahidi huenda isiwe miongoni mwao. Atalipa ombi jingine namba 7, na historia mbili zitakuwa zimezaliwa. Kwa hiyo seva haitekelezi chochote mpaka seva tatu zitangaze kwamba nazo zina ushahidi. Baada ya hapo, kiongozi yeyote ajaye lazima akutane na seva ya kweli inayokumbuka. Mteja naye anapokea jibu pale tu seva mbili zinapompa jibu lilelile, maana katika mbili hizo moja lazima iwe ya kweli.

Kasi waliipata kwa kuepuka saini za kidijitali, zile zinazothibitisha ujumbe umetoka kwa nani. Kompyuta ya Pentium Pro ya 200 MHz ilihitaji milisekunde 43 kutengeneza saini moja ya RSA, lakini maikrosekunde 10.3 tu kutengeneza msimbo wa uthibitisho kwa ufunguo wa siri wa seva mbili. Wakaweka misimbo hiyo katika kazi ya kila siku na kuziachia saini shughuli nadra, kama kubadilisha kiongozi. Mfumo wa faili walioujenga juu ya PBFT ulikuwa nyuma ya NFS ya kawaida (mfumo wa kufikia faili kupitia mtandao), isiyo na nakala, kwa asilimia 3 katika jaribio lao. Na usahihi wake haukutegemea saa. Mifumo iliyotangulia, kama Rampart, ilimtoa kundini aliyechelewa, hivyo mshambuliaji aliweza kuzichelewesha seva nzuri mpaka zifukuzwe. Katika PBFT mtandao ukichelewa huduma inasimama, lakini haikosei.

Mifupa ya itifaki hii Liskov alikuwa nayo tangu 1988, alipotunga na Brian Oki mbinu ya kunakili huduma kwenye seva zinazoweza kuzimika, ikiwa na kiongozi na utaratibu wa kumbadilisha. Gharama nayo ipo. Kila seva inazungumza na kila nyingine, kwa hiyo seva mia zinahitaji karibu jumbe elfu kumi kwa duru moja, ndiyo sababu watafiti wa baadaye, kama wale wa HotStuff, walihangaika kupunguza mazungumzo hayo. Wala PBFT hailindi siri: seva iliyotekwa inaweza kuvujisha kila ilichonacho.

Lakini swali lililonivutia zaidi ni jingine. Seva nne zikiendesha programu moja, kasoro moja iko kwenye zote, na mdukuzi aliyeipata kwenye moja ameipata kwenye nne. Hesabu yote ya kura inaanguka. Jibu la Liskov lilitoka kwenye kazi yake ya zamani kabisa. Mwaka 1974, akiwa na Stephen Zilles, aliandika kwamba sehemu ya programu itambulike kwa yale inayoahidi kufanya, na yaliyomo tumboni mwake yafichwe. Wazo hilo lilizaa lugha ya CLU na ni miongoni mwa yaliyompatia Tuzo ya Turing ya 2008. Mwaka 2001, akiwa na Rodrigo Rodrigues na Castro, alilirudisha kwenye seva katika mfumo walioupa jina BASE: kila nakala iendeshe programu ya mtengenezaji tofauti, mradi ahadi ni moja.

Kazi ilikuwa kwenye vitu vidogo. Seva mbili za NFS zinalipa faili moja vitambulisho tofauti, kila moja inavyopenda. Zinaorodhesha folda kwa mpangilio tofauti, na saa zao zinapishana. Kwa macho ya PBFT, seva hizo zote ni waongo. Basi wakaizungushia kila moja programu nyembamba inayobadilisha vitambulisho vyake kuwa vya pamoja, inapanga majina ya faili kwa alfabeti na kutumia saa iliyopendekezwa na kiongozi na kukubaliwa na wengine. Ndani ya seva yenyewe hawakugusa kitu.