Barua za Kaka Aliyekufa

Waandishi wenzangu, sisi tukitaka kumtia msomaji wasiwasi mara moja tunachomoa bastola. Frances Hardinge, Mwingereza, anafungua mtoto wa meza tu. Humo mna barua za Sebastian, kaka aliyekufa vitani, na bado zinaingia! Hapo nilifunga mlango, na ilikuwa mchana.

Riwaya yenyewe ni Cuckoo Song, ya 2014, ya watoto wakubwawakubwa hivi. Vita Kuu ya Kwanza imekwisha. Triss katolewa majini, ana njaa isiyoshibishwa na chochote, na mdogo wake Pen anapiga kelele eti huyu si dada yake. Utasema utoto. Haya, soma.

Mazimwi yamo, ila kilichonikamata ni wazazi. Kwa kuwa wamempoteza mvulana, wanamshika Triss kama yai, wanamtaka mgonjwamgonjwa ili asiondoke nyumbani. Pen je? Naye kafiwa na kaka, lakini hana pa kulilia, basi kageuka mkorofi wa nyumba. Mwandishi hatuhubirii huzuni. Chumba cha marehemu kipo vilevile, tunaelewa.

Katikati mbio zinazidi. Kukimbizwa, kujificha, kukimbizwa tena; ningekata kurasa thelathini.

Nisingemgusa Violet lakini, mchumba wa marehemu, na pikipiki yake. Akikaa mahali pamoja muda mrefu theluji inaanza kumwangukia, kwa hiyo hatulii. Mstari mmoja wa “alimlilia sana” haumo. Mahali hapo nimepanakili daftarini kwa mkono.