Alama Inayosomeka kwa Mbali

Anayepanda majabali ya Lukenya siku isiyo na ukungu huona mbali: tambarare za Athi, majengo ya Nairobi, ndege zikishuka kuelekea Embakasi. Maandishi ya ubavuni mwa ndege hayasomeki kutoka huko juu. Rangi za mkiani ndizo hutangulia kumfikia mtazamaji. Ukikaa hapo ukatazama kwa muda, utaanza kumheshimu mchoraji wa nembo za jeshi la anga. Kazi yake itatazamwa kwa sekunde chache, ikiwa mbioni, tena na mtu ambaye pengine ameshika bunduki.

Ufundi huu ulinolewa vitani. Mwaka 1914 Waingereza walipaka bendera yao chini ya mabawa ya ndege. Kwa mbali kilichoonekana ni msalaba tu, na msalaba ulikuwa alama ya Wajerumani, hivyo ndege zikawa hatarini kupigwa risasi na wenyewe. Kabla mwaka haujaisha wakaiga miduara ya rangi tatu waliyokuwa nayo Wafaransa tangu 1912, ila wakageuza mpangilio: bluu nje, nyekundu katikati. Duara halina juu wala chini. Ndege ikilala ubavu au ikipinduka, alama ni ile ile.

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilipoundwa tarehe 1 Juni 1964, kwa msaada wa Waingereza, lilifuata mtindo huo na kuuvisha rangi za nyumbani.

Rangi hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Shika bendera ya Kenya mkononi ufuate mishono yake kwa kidole. Kuna nyeusi, kisha ukanda mwembamba mweupe, nyekundu, mweupe tena, halafu kijani. Vipimo vyake ni 6:1:6:1:6. Sote tulifundishwa shuleni kwamba nyeupe ni amani, na ndivyo ilivyo. Lakini mweupe huo una kazi nyingine. Kanuni ya kale ya wachora nembo inasema rangi nzito isigusane na rangi nzito. Kati yake ipite nyeupe au manjano. Ondoa kanda hizo mbili, kisha iangalie bendera jioni kutoka mbali: nyeusi na nyekundu zitaanza kumezana. Fundi angeweza kuupanua ule mweupe ukazipora rangi nyingine nafasi. Akaupa sehemu moja tu kwa kila sita, ukatosha.

Katikati imekaa ngao ya Kimasai na mikuki miwili. Hapo hatukuazima kwa mtu. Wamasai wa Kaputiei, majirani wa Lukenya upande wa pili wa tambarare, walikuwa na ngao za ngozi zilizochorwa sirata, michoro iliyotaja kundi la shujaa na rika lake. Alama ya ushujaa haikupakwa ovyo. Mtu aliistahili kwanza. Adui aliyeona ngao zikija alijua anapambana na nani kabla ya kusikia sauti. Mchora ngao na mpaka rangi wa mabawa ya ndege walikabili swali lile lile, wakalijibu kwa njia ile ile: maumbo machache, rangi zinazopingana, pasipo pambo la bure.

Kenya imeipa kazi hii heshima ya kisheria pia. Tangu 1968 tuna sheria inayohusu utoaji wa nembo za ngao, jambo lisilo la kawaida barani Afrika.

Hata hivyo, siku hizi utakuta beji ya shule yenye kitabu, mwenge, mlima, ng'ombe, kompyuta na jua linalochomoza, vyote ndani ya duara lisilozidi kiganja. Serikali za kaunti nazo, zilizopewa na sheria ya mwaka 2012 nafasi ya kuwa na bendera na nembo zao, zina kishawishi cha kutaja kila zao na kila kabila. Mnaokaa kwenye kamati hizo, kabla ya kuidhinisha chochote, kitungikeni kwenye mlingoti, rudini nyuma hatua mia mbili, kisha mwiteni mpita njia mumwulize anaona nini. Asipokitambua, mrudishieni mchoraji apunguze.