Toleo si chapa, chapa si nakala
Juzi kijana mmoja wa Ruiru aliniletea daftari alimoorodhesha vitabu vya katuni vya Pichadithi alivyookoteza kwa wauza mitumba wa Thika. Mfululizo huo wa miaka ya 1980, alioubuni Terry Hirst, ulichora visasili vyetu, kikiwemo cha Lwanda Magere. Kazi yake ni nzuri, ila istilahi zimemponza: kila kitu amekiita "toleo".

Toleo la kitabu hubadilika matini yakirekebishwa. Chapa ni kila awamu ya kuchapishwa. Toleo moja laweza kuwa na chapa kadhaa. Nakala ni ile uliyoishika mkononi, yenye doa la chai. Aliposema ana "matoleo matatu" ya Lwanda Magere, nilidhani hadithi ilirekebishwa mara mbili. Kumbe ni nakala tatu za chapa ileile!

Wakusanyaji wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka wa 1974, hutofautisha chapa kwa sanduku: la kwanza lilifanana na mbao, la baadaye likawa jeupe. Sisi tukivuruga maneno haya, mtafiti wa kesho atasimulia marekebisho yasiyowahi kufanyika. Basi nimemrudishia daftari. Safu hiyo ya "toleo" aigawe mara tatu.