Hisi ya Mkao wa Kichwa: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa vipimo wafanyiwavyo wenye maumivu ya shingo kimo kimoja kilicho chepesi kukifanya lakini kigumu kukitaja kwa Kiswahili. Mgonjwa huketi mbele ya ukuta, kichwani amefungwa taa ndogo imulikayo ukutani. Hufumba macho, hugeuza kichwa, kisha hujaribu kukirudisha pale kilipoanzia. Nafasi iliyopo kati ya alama ya kwanza na ya pili ndiyo ipimwayo. Michel Revel na wenzake wa Ufaransa walikieleza kipimo hiki mwaka 1991, umbali hadi ukutani ukiwa sentimita 90.

Uwezo unaopimwa ulipewa jina na Charles Sherrington wa Uingereza mwaka 1906, kwa neno la Kilatini lenye maana ya "ya mwenyewe". Mfasiri ang'ang'aniaye Kilatini hicho huandika "hisia ya nafsi". Hapo twampinga. Hisia, kwa wasomaji wengi, ni furaha, huzuni na hasira. Nafsi nayo yakaribia roho. Mwenye shingo iumayo atadhani ameitwa kupimwa akili. "Mlango wa sita wa fahamu" pia haufai: milango mitano hupokea habari za nje, ilhali habari hizi hutoka ndani, katika misuli na viungo vyenyewe. Twapendekeza "hisi ya mkao wa kichwa". Tumeliacha neno "mahali", kwa kuwa kichwa hakihami mahali pake, bali hubadili mkao.

Lawama yetu ya pili ni juu ya neno "kosa". Katika hesabu, kosa ni tofauti tu. Katika chumba cha tiba, mgonjwa aambiwaye "umekosa" huweza kuona haya, akakaza shingo katika jaribio lifuatalo, na kipimo kikaharibika. "Tofauti ya urejeshaji" yasema lile lile pasipo kumshitaki mtu.

Tatu, kuna neno "nyuzi". Revel alipendekeza mpaka wa 4.5 kuwatenganisha wenye maumivu na wasio nayo. Vitabu vyetu vya hesabu vingeandika nyuzi 4.5. Lakini makala hiyo hiyo hutaja nyuzi za misuli, na msomaji atachanganyikiwa. Hapa tungetumia "digrii". Tena, ageuzaye digrii hizo kuwa sentimita 7 za ukutani asiache kuzitaja zile sentimita 90. Kiti kikisogezwa nyuma, pembe ile ile huchora umbali mkubwa zaidi, na mwenye afya ataonekana mgonjwa.

Twakiri kwamba "mkao" lina udhaifu wake: wengi hulitumia kwa namna mtu aketivyo, na wengine watadhani twapima unyofu wa mgongo. Ndiyo maana hatukubali lifupishwe. "Wa kichwa" lazima libaki. Walimu wa tiba na wauguzi walijaribu mbele ya wagonjwa. Wakiona linawapoteza, watuandikie, nasi tutalirudia.